Mjomba anajua samaki, imeili hana

Hivi jamani hii ya kulazimisha imeili ndo uchangie kwenye tovuti za wazi nani kaileta? Juzi nipo Pangani kwa mjomba, mvuvi wa miaka yote, nikamuonesha kamusi moja ya mtandaoni inayojinadi kila mtu anaweza kuongeza neno, akatafuta majina ya samaki, akaona chewa ipo, tasi hamna, pono hamna, akasema haya nipe niandike. Tukabonyeza. Weka imeili. Mjomba simu anayo, laini anayo, imeili alifunguliwa na kijana wa duka la simu siku aliponunua, hajui hata inaitwaje, paswedi ndo kabisaa. Tukaweka yangu, tukaambiwa tusubiri linki ya kuthibitisha, mtandao unazunguka tu, dakika 20, ilipokuja nabonyeza inasema muda umeisha!! Mjomba kanyanyuka kaenda kutengeneza nyavu zake.

Najua wanadai imeili kuzuia spamu, yani matangazo ya hovyo, na wahuni wanaofuta kazi za watu, hilo sikatai. Lakini Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na akaunti unafungua kwa jina na paswedi, imeili ukitaka mwenyewe, na mhuni akiharibu watu wanarudisha toleo la nyuma maana historia yote ya ukurasa inatunzwa. Sasa nyie wenye kamusi mnashindwa nini? Halafu mtu wa spamu ndo wa kwanza kuwa na imeili kibao, anayebaki nje ni mjomba. Imeniuma kweli, tasi mpaka leo haimo.