Daftari Moja la Michoro, Nyumbani na Safarini

Wengi wanaopenda kuchora wana madaftari mawili: moja la kawaida la nyumbani, na jingine zuri, lenye jalada gumu, linalosubiri safari. Naamini mazoea hufia hapo. La nyumbani halithaminiwi, la safari linaogopwa. Mtu anashuka Lamu au Unguja, anafungua ukurasa mweupe wa karatasi ya bei, mkono umelala miezi kadhaa, na mbele yake kuna jumba la ghorofa tatu lenye roshani ya mbao. Anachora dakika kumi, hapendi anachokiona, analirudisha begini. Safari inaisha na kurasa mbili. Msimamo wangu ni kwamba daftari liwe moja, na lilelile lililozoea meza ya jikoni ndilo lipande basi.

Ukubwa unaofaa ni A5, yaani nusu ya karatasi ya A4. A6 inaingia mfukoni lakini inabana mkono, unabaki kuchora kwa vidole tu. A4 haifunguki vizuri kwenye kiti cha basi na huvuta watazamaji kutoka mbali. Karatasi ya kurudufishia ya gramu 80 kwa mita ya mraba hupitisha wino upande wa pili na hujikunja ikiguswa na maji. Gramu 120 hadi 160 zinatosha kwa penseli, kalamu na rangi ya maji kidogo. Ukipenda rangi ya maji kwa wingi panda hadi 200 au zaidi, ila ujue daftari litakuwa na kurasa chache, na kurasa zikiwa chache mtu huanza kuzionea huruma.

Bora zaidi ni kulishona mwenyewe. Chukua karatasi kubwa ya kuchorea, ukate vipande sita vya ukubwa wa A4. Kabla ya kukata, ipinde kidogo kwa urefu kisha kwa upana: upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na mkunjo wa daftari lazima ufuate nyuzi hizo. Ukikunja kinyume, mgongo unapasuka na daftari halikubali kufungwa. Kunja vipande vyote pamoja katikati, weka kava la manila, kisha toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita tatu kutoka kila ncha. Uzi wa pamba wa sentimita 50 unatosha. Upitishe kwanza kwenye mshumaa usichanguke. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka moja kwa moja hadi la chini utoke nje, kisha rudi ndani kwa tundu la kati. Fundo lifungwe juu ya ule uzi mrefu wa ndani. Hapo una kurasa 24, unazimaliza ndani ya mwezi. Daftari linaloisha hukupa hamu ya kuanza jingine. Lile la kurasa 200 hukaa mwaka mzima likikusuta.

Nyumbani chagua saa moja isiyobadilika na uipe dakika kumi na tano: wakati chai inapoa, au baada ya vyombo kuoshwa. Kalamu ikae ndani ya daftari, daftari likae mahali unapoketi, si kabatini. Chini ya kila ukurasa andika mahali, tarehe na saa. Ukikosa siku, usiilipe. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huacha kabisa pale wanapojidai kurasa tano za wiki iliyopita. Deni hilo ni zito kuliko kuchora kwenyewe.

Vya kuchora vimejaa nyumbani. Tuchukue sufuria. Iweke mezani, kaa mbali nayo hatua mbili. Mdomo wake utauona kama duaradufu. Karibu kila anayeanza huchora mdomo uliopanuka mno, kisha kitako anakinyoosha kama kimepigwa rula, kwa kuwa anajua kimekaa juu ya meza bapa. Jicho halioni hivyo. Mviringo kadiri unavyoshuka chini ya usawa wa macho ndivyo unavyozidi kufunguka, kwa hiyo ukingo wa kitako hupinda zaidi kuliko ukingo wa mdomo. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, pima kwa penseli: kimo cha sufuria kinaingia mara ngapi katika upana wake? Mpini umeinama kiasi gani ukilinganisha na penseli iliyosimama wima? Ukishaizoea, hamia kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Miguu yake inapopishana huwachanganya watu, nao huichora mmoja mmoja mpaka kiti kinapinda. Anza na ile pembetatu ya hewa iliyo katikati ya miguu. Ukiipata sawa, miguu imeshajichora.

Jicho hilo la kupima ndilo unalolibeba safarini, na uthibitisho wake ni jahazi. Mlingoti wa jahazi umeinamia mbele, kuelekea omo. Asiyezoea kupima huuchora wima kama nguzo ya umeme, kisha anashangaa kwa nini foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe havikai sawa. Aliyezoea kukagua mpini wa sufuria atachora kwanza mstari wa upeo wa bahari, atainua penseli, na ule mwinamo atauona papo hapo. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe nao ni hivyohivyo. Usianze na maua. Pima kimo kwa upana, weka fremu, weka mfaa, ule ubao wa wima wa katikati, gawa mistari ya misumari ya shaba, kisha nakshi uzichore kwa makini pembe moja tu. Jicho la mtazamaji litamalizia zilizobaki.

Jua la kwetu lina haraka. Adhuhuri vivuli ni vifupi na kuta zinang'aa bila umbo, hivyo chora kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Kivuli kinahama muda wote unapochora, kwa hiyo zungushia mipaka yake katika dakika tano za kwanza na usiibadilishe tena, hata ukiona kimesogea. Michoro mingi huharibika kwa kuwa na vivuli vya saa mbili tofauti kwenye ukuta mmoja.

Kwenye basi linalotembea, achana na majengo ya nje. Chora pazia, bega la abiria wa mbele, mkono ulioshika bomba, na kiganja kielee badala ya kuegemea ukurasa ili mtikisiko usiingie kwenye mstari. Basi likisimama Chalinze au Mtito Andei kwa chakula, una kama dakika ishirini: kula kumi, chora kumi. Rangi zikikushinda kwa muda, andika majina yake ndani ya mchoro. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alifanya hivyo Moroko mwaka 1832, na alichokusanya humo kilimlisha kazi kwa miaka mingi.

Sokoni watu hawatulii. Anza mkao mmoja, mtu akiondoka subiri mwingine akae vilevile, umalizie naye. Ukitaka kukaa kwenye baraza la nyumba ya watu, piga hodi, toa shikamoo, omba. Anayekataa kuchorwa ana haki yake, na wanaoswali wasichorwe. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na lango la bandari viache kabisa. Egemea ukuta ili watoto wakusimamie mbele badala ya mgongoni, na uwe na vikaratasi vidogo vya pembeni; kuna atakayeomba picha yake, nawe usichane ukurasa.

Kalamu ya kawaida ya wino mzito ndiyo rafiki wa msafiri: haivuji, haitaki kuchongwa. Ikianza kutoa madonge, futa ncha kwenye karatasi laini. Kalamu ya kujaza wino ipande ndege ikiwa imejaa kabisa au tupu, ncha ikiangalia juu, maana hewa iliyobaki ndani hutanuka na kusukuma wino nje. Penseli isizidi ulaini wa 2B. 4B hupaka ukurasa wa pili kwa kusuguana begini.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Usifunge ukurasa wenye rangi mbichi, utagandana na mwenzake. Mfuko wa plastiki uliofungwa hufungia unyevu ndani na kuzaa ukungu, hasa wakati wa masika. Bati la biskuti lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya linafaa zaidi, na lifunguliwe mara moja kwa wiki, siku ya jua. Mgongoni mwa kila daftari lililojaa andika tarehe ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho, uyapange kwa mfuatano.