Saikolojia ni sayansi kweli? Tuisome vizuri hiyo 36%

Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka na vijana wakaanza kuchagua kozi, huu mjadala unarudi. Kijana anasema kachagua saikolojia, wajomba wanauliza ndo ile ya kusoma mawazo ya watu?, halafu anatokea jamaa aliyesoma injinia anamaliza kabisa, kwamba hiyo hata sayansi sio, tafiti zao zikirudiwa hazitoi majibu yaleyale, ni 36% tu ndo zinapita. La kusoma mawazo halina haja ya kujibiwa. Ila hili la injinia linanigusa, maana anayelisema ana ushahidi mkononi, tatizo ni kwamba ushahidi wenyewe unasomwa nusunusu.

Tuwape haki yao kwanza. Mwaka 2011 profesa Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha kwenye jarida kubwa kabisa la fani majaribio 9 yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai binadamu anaweza kuhisi jambo kabla halijatokea, na alitumia njia zilezile za takwimu walizokuwa wanatumia wenzake wote. Sasa kama njia ileile inaweza kuthibitisha uaguzi, inathibitisha nini kingine? Mwaka huohuo kule Uholanzi ikabainika kuwa Diederik Stapel, mtu aliyekuwa anaheshimika sana, alikuwa anatunga data, yaani anajaza majibu ya washiriki ambao hawakuwahi kuwepo, na tafiti zake zaidi ya 50 zikaondolewa. Ongeza lile jaribio maarufu la jela pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1971, vijana walipoigiza kuwa askari jela na wafungwa, ambalo baadaye kumbukumbu zake zilipofunguliwa ikaonekana wale askari wa kuigiza walikuwa wameelekezwa namna ya kuwa wakali. Kwa hiyo mtu akiwa na mashaka simlaumu hata kidogo.

Halafu ndo ikaja 2015. Mwezi wa nane mwaka ule jarida la Science lilitoa kazi ya watafiti 270, wakiongozwa na mwanasaikolojia Brian Nosek, waliochukua tafiti 100 kutoka majarida matatu ya saikolojia wakazirudia upya. Tafiti za mwanzo 97% zilikuwa na matokeo yanayokubalika kitakwimu, yaani si rahisi kuwa yalitokea kwa bahati tu. Ziliporudiwa zikabaki 36%. Na nguvu ya matokeo, kwa wastani wa tafiti zote, ilishuka hadi karibu nusu.

Wengi wanaishia hapo, 36%, kwisha habari. Mimi naomba tukae nayo hii namba maana ina mengi ndani yake. Kwanza iangalie ile 97% yenyewe, ndo ilitakiwa ishtue watu kuliko 36%, kwa sababu hakuna fani ya watu wanaobahatisha kitu kigumu namna hii ambayo inapatia mara 97 kati ya 100, maana yake zile zilizofeli zilikuwa zinabaki kwenye madroo na majarida yanachapisha zilizofaulu tu. Tatizo kubwa lilikuwa kwenye uchapishaji, na hilo ni tofauti na kusema akili ya binadamu haichunguziki. Pili, 36% ni wastani wa vitu viwili tofauti kabisa. Tafiti za utambuzi, yaani kumbukumbu, umakini, namna tunavyoona na kusikia, zilipita karibu nusu, wakati za saikolojia ya jamii ni kama robo tu. Kwa hiyo ukimwambia mwanafunzi "saikolojia ni 36%" umechanganya chumba kinachovuja na chumba kikavu ukasema nyumba nzima imelowa. Tatu, utafiti kutopita mara ya pili haimaanishi moja kwa moja kuwa ulikuwa uongo, na wapo akina Daniel Gilbert, mwanasaikolojia wa Harvard, ambao 2016 walipinga kwa hoja kwamba baadhi ya marudio yalifanywa kwa watu na mazingira tofauti na ya mwanzo. Hawa wawili, Nosek na Gilbert, mpaka leo wana wafuasi wao, na mimi naona Nosek ana hoja nzito zaidi, ila nyote mnaona kwamba ubishi wenyewe ni wa data.

Na hili watu hawalisemi: nani aliyeitoa hiyo 36%? Wanasaikolojia wenyewe. Hakuna mwanafizikia aliyekuja kuwaumbua. Walikaa wakakubali kazi zao na za walimu wao zipimwe hadharani halafu wakaweka majibu wazi kila mtu ayaone. Linganisha na 2012, watafiti Begley na Ellis walipoandika kwenye jarida la Nature kwamba kampuni ya dawa ya Amgen ilijaribu kurudia tafiti 53 za msingi za saratani na ni 6 tu zilizothibitika, hiyo ni kama 11%. Sijasikia mjomba yeyote anamwambia kijana asisome udaktari kwa sababu hiyo. Tunaelewa pale kwamba kitu chenyewe ni kigumu na kwamba kosa likionekana linarekebishwa, sasa kwa nini saikolojia tuinyime uelewa huohuo? Na marekebisho yamefanyika, siku hizi watafiti wengi wanasajili mapema kabisa wanategemea nini na watapima vipi kabla hawajakusanya data, ili mtu asije akabadilisha swali baada ya kuona majibu.

Tena kuna vitu vimesimama miaka mingi. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha kazi aliyojipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuangalia anasahau kwa kasi gani, akakuta kinachosahaulika kingi kinaondoka ndani ya siku ya kwanza na kinachobaki kinapungua polepole. 2015, mwaka uleule wa 36%, watafiti wa Amsterdam walirudia kitu hichohicho wakapata mchoro unaofanana sana na wake. Mwanafunzi anayekesha na madesa usiku wa kuamkia pepa anaishi ndani ya mchoro ule. Na tunajua sasa, kwa ushahidi mwingi sana, kwamba kusoma kidogokidogo kwa siku kadhaa kunashinda kukesha mara moja, kwa masaa yaleyale.

Au chukua mashahidi mahakamani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari wakawauliza mwendo ulikuwa kiasi gani. Walioulizwa kwa neno la kwamba magari "yalibamizana" walitaja wastani wa maili 40.8 kwa saa, walioulizwa kwamba "yaligusana" wakataja 31.8. Kwenye jaribio la pili waliwarudia watu baada ya wiki wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu vioo havikuwepo. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno la kubamizana, 16 walisema waliviona, na wa neno jepesi la kugongana ni 7 kati ya 50. Sasa fikiria askari anayemhoji shahidi usiku akiwa ameshaamua nani mwizi. Marekani kati ya watu waliofungwa halafu DNA ikaja kuwasafisha, zaidi ya nusu walitambuliwa kimakosa na mashahidi wa macho. Hii kwa kweli ndo sehemu ya saikolojia ninayotamani kila askari na kila hakimu wetu aisome.

Wapinzani wana hoja nyingine ambayo mimi naiona ina nguvu kuliko hiyo 36%. Hesabu iliyofanywa 2008 na Jeffrey Arnett kwenye majarida makubwa ya Marekani ilionyesha 96% ya washiriki wanatoka nchi tajiri za Magharibi, ambazo zina kama 12% ya watu wote duniani, na wengi ni wanafunzi wa vyuo. Unaandika "binadamu" kumbe umempima kijana wa miaka 19 wa Michigan. Hapa sina utetezi, ni kweli.

Ila angalia fani ilipofanya kazi huku kwetu ilitoa nini. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala 1954, akawa anazitembelea familia za Kiganda vijijini, akina mama 26 na watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili kwa miezi hadi 9, anakaa sebuleni na mkalimani anaangalia tu mtoto anamfuata nani, analia nani akitoka, anatambaa mbali kiasi gani mama akiwepo. Nadharia ya mtoto kumtegemea mzazi kama kituo cha usalama, inayofundishwa leo dunia nzima, ilianza kuchunguzwa nyumba kwa nyumba hapo Buganda kabla hajaenda kuiendeleza Baltimore, Marekani. Na 2003 yakatoka matokeo ya utafiti wa Masaka na Rakai, hukohuko Uganda: vijiji 30, watu wenye sonona, nusu ya vijiji wakapewa vikundi vya mazungumzo mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu. Mwanzoni 86% ya wa vikundi na 94% ya wasio na vikundi walikuwa na sonona kwa vipimo. Mwishoni 6.5% kwa 54.7%. Hakuna kidonge pale.

Watafiti wale kabla ya kuanza walikwenda kuwauliza wanakijiji wenyewe huzuni kali inaonekanaje kwao na wanaiitaje, ndo wakatengeneza maswali yao. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyejua lugha ya mahali. Kwa hiyo ukiniambia sampuli zimejaa Wamarekani, nakubali, halafu nakuuliza zitabadilikaje kama vijana wetu wenye pointi nzuri tunawaambia hiyo kozi waachie wengine? Bora tudai kozi za mwaka wa kwanza ziweke takwimu mapema, semesta ya kwanza kabisa, ziwafundishe hiyo 2015 waziwazi bila kuificha, na Masaka iwe kwenye sura za mwanzo.