Zanzibar: Kususiana, Kuridhiana na Kura 1,565

Tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, ambao Tanzania Bara ulifuatana na vurugu, vifo, kuzimwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, neno maridhiano limerudi vinywani. Viongozi wa dini wanalitaja, wenye mamlaka wanalitaja, na waliofiwa nao wanaulizwa kama wako tayari nalo. Wazanzibari wamekwisha kulivaa neno hili, wakalivua, wakalivaa tena, na kabla hatujaanza kuhubiriana faida zake ingefaa tutazame lilivyowasitiri na mahali lilipowachanikia.

Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi visiwani humo, Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF. Tofauti ilikuwa kura 1,565, na majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2010, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 179,809 dhidi ya 176,338 za Maalim Seif yuleyule, tofauti ya kura 3,471. Vyama ni vilevile na pengo ni jembamba vilevile. Mara ya kwanza CUF ilikataa kuyatambua matokeo na visiwa vikapasuka hadi vyumbani mwa watu. Mara ya pili aliyeshindwa akayakubali, na siku zilizofuata watu wakafungua maduka yao. Anayeuliza kama kuzungumza na mpinzani wa kisiasa kuna tija yoyote aanze na jozi hii ya matokeo, kwa sababu ni nadra historia kutupa mfano unaolingana kiasi hiki.

Mpasuko wa 1995 hauelezeki kwa takwimu. Huko Pemba wafuasi wa CUF waliwasusia majirani zao wa CCM: hawakununua dukani kwao, hawakupanda gari zao, wengine wakahama msikiti ili wasisimame safu moja nao, na ndoa zikavunjika kwa sababu ya kadi za vyama. Jambo zito kuliko yote lilikuwa mazishi. Aliyeishi kijijini anajua kwamba kaburi huchimbwa na majirani, jeneza hupokezanwa mabegani njia nzima, ubani huletwa na hata asiye na kitu, na khitma haina kadi ya mwaliko. Nyumba ambayo siku ya msiba ina watu wa ndani tu imekwisha kuhukumiwa, na hukumu hiyo haina rufaa. Mjini Unguja mambo yalikuwa na sura nyingine kidogo. Maskani ya CCM ya Kisonge, yaani kijiwe cha wanachama wake pale Michenzani, ilijulikana kwa ubao wake wa kuwachamba wapinzani, na Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, wapenzi wa CUF walikunywa kahawa na kurudisha majibu. Si mwendo mrefu kutoka baraza moja hadi jingine, lakini waliokaa huku hawakukaa kule.

Ni rahisi leo kuwalaumu waliosusia, na lawama hiyo ina msingi wa dini na wa mila. Kila mtoto wa chuoni hapa visiwani amefundishwa hadithi ya Mtume kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakutane huyu ageuze uso na yule ageuze uso, na kwamba mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Hata hivyo upande wa pili una hoja ambayo wahubiri wa amani mara nyingi huipita mbio. Hao waliosusia waliamini kwamba kura yao imepokwa, hawakuiamini tume wala mahakama, waliona wenzao wakifukuzwa kazi serikalini, na wanachama 18 wa CUF wakashtakiwa kwa uhaini na kukaa rumande hadi Novemba 2000. Mtu wa namna hiyo hana silaha wala hakimu. Kilichobaki mikononi mwake ni salamu yake, na akiizuia anasema jambo ambalo hajapewa pengine pa kulisemea. Kumtaka arudishe salamu bila kumuuliza kwa nini aliizuia ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Naikubali hoja hiyo, ila haiwezi kubeba mzigo wote inaobebeshwa. Mwenye duka wa Wete, kule Pemba, hakuhesabu kura, na aliyezihesabu hakuwahi kununua sukari Wete. Adhabu ilimwangukia aliye karibu kwa kuwa aliye mbali hafikiki, na hapo ndipo kususia kulipoacha kuwa ujumbe kwa watawala kukawa mateso kati ya wanyonge.

Wakubwa walijaribu kuzungumza mapema, wala hawakufika mbali. Muafaka wa kwanza, yaani mapatano ya CCM na CUF ya 1999, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, ulibaki karatasi. Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF, makumi ya watu wakafa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, nchi yetu ikawa imezalisha wakimbizi badala ya kuwapokea. Muafaka wa pili wa Oktoba 2001 ulitekelezwa nusunusu. Mazungumzo ya tatu yalikwamia Butiama, Machi 2008, CCM ilipotaka kwanza wananchi waulizwe kwa kura ya maoni na CUF ikaona huo ni ujanja wa kuchelewesha. (Miaka miwili baadaye ni kura hiyohiyo ya maoni iliyofungua njia, na CUF ndiyo iliyoipigia debe.)

Kilichobadilisha mambo ni mkutano wa Novemba 5, 2009, pale Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume wa CCM, na Maalim Seif walipokutana Ikulu ya Zanzibar wenyewe, bila msuluhishi wa kigeni. Kwangu mimi mkutano huo ni mdogo kuliko uliofuata siku chache baadaye, Maalim Seif alipopanda jukwaani kwenye uwanja wa Kibandamaiti, Unguja, kuwaambia wafuasi wake kwamba sasa chama kinamtambua Karume kuwa Rais. Umati uliomshangilia miaka yote ulimpazia sauti za kukataa. Angeweza kuwaficha, akatuma waraka, akaacha habari zivuje kidogo kidogo. Aliwakabili, kisha akaendelea kuwazungukia hadi wengi wakamwelewa. Baraza la Wawakilishi likaridhia, na Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Ugumu wa kuzungumza na mpinzani, kwa ninavyouona, haumo katika kukaa naye chumba kimoja na kunywa chai. Umo katika kutoka nje na kuwaeleza watu wako ulichokubali. Upande wa pili nao ulikuwa na waliolipa: Mansoor Yussuf Himid alifukuzwa CCM mwaka 2013, na Mzee Hassan Nassor Moyo, mmoja wa watu wa Mapinduzi ya 1964 na nguzo ya kamati ya maridhiano, akafukuzwa mwaka 2015.

Wenye mashaka wanasema hayo yote yalikuwa mgao wa vyeo: aliyeshindwa alipewa Umakamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri, basi lazima atulie. Na wana ushahidi. Oktoba 28, 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi mzima. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu hadi 2020. Viongozi walikuwa wamegawana meza bila kugusa mzani, yaani tume, na siku mzani ulipobishaniwa meza ikapinduka.

Hoja hiyo ni nzito, ila inasahau kwamba kati ya 2010 na 2015 watu walizikana. Mtu wa Pemba aliyebebewa jeneza la mamaye na jirani wa chama kingine hawezi kuambiwa kwamba alichopata ni cheo cha Maalim Seif. Ninachojifunza mimi kiko kwenye tarehe. Mazungumzo ya 2009 yalifanyika kabla ya kura, hakuna aliyejua nani atashinda, kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu ya kumwekea aliyeshindwa mahali pa kukaa. Ya 2020 yalikuja baada ya kura. Uchaguzi ule ulikuwa umetanguliwa na mauaji Pemba, Maalim Seif, aliyekwisha kuhamia chama cha ACT-Wazalendo, alitangazwa kupata asilimia zisizofika 20, na Desemba akakubali kuapa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Hussein Mwinyi. Alifariki Februari 17, 2021, kabla hajapata muda wa kuwazungukia watu wake kama alivyofanya mara ya kwanza. Jina lilikuwa lilelile, maridhiano, lakini safari hii aliyepigwa ndiye aliyetakiwa kuridhika, wala hakuna mwananchi aliyeulizwa kwa karatasi yoyote.

Ndiyo maana nasita ninaposikia Bara wakiitwa mezani leo. Zanzibar ilikuwa na pande mbili zinazojulikana kwa majina na kila upande ulikuwa na mtu anayeweza kwenda Kibandamaiti yake. Mwaka 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani Bara, iliondolewa katika uchaguzi na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Vijana wengi walioingia barabarani hawakutumwa na kiongozi yeyote, na hivyo hakuna kiongozi anayeweza kuwarudishia habari za alichokubali. Mwingine atasema hilo si sababu ya kutozungumza, na ni kweli. Ila linabadilisha mahali pa kuanzia: si ukumbi wa mikutano, ni nyumba za waliofiwa, na swali la kwanza ni nani alikufa na nani alifyatua.

Liko jambo moja la 2010 ambalo hata sisi tunaousifia mchakato ule hatulitaji. Thuluthi moja ya waliopiga kura ya maoni ilisema hapana. Walikuwamo watu wa CCM waliohofia Mapinduzi yao kuuzwa, na watu wa CUF wenye makaburi ya Januari 2001. Matangazo yaliposomwa, furaha ilikuwa kubwa mno, na hakuna kamati iliyoundwa kwenda kuwauliza wale thuluthi walikuwa wanakataa nini.