Mashine isilale sebuleni

Wiki iliyopita shemeji yangu kaniletea ramani ya nyumba anayotaka kujenga Mwambani, Tanga. Nyumba nzuri: vyumba vitatu, baraza pana linaloangalia bahari. Pembeni, ukuta kwa ukuta na chumba cha watoto, imechorwa garaji ya magari mawili. Shemeji hana gari. Ana boti ya faiba ya futi 23 inayomlisha yeye na vijana wanaokwenda nayo. Nikamuuliza boti italala wapi, akaniwekea kidole kwenye garaji ile ile. "Itaingia humu, shemeji, na meza ya ufundi naiweka hapa kwenye kona. Mchora ramani kasema tukiunganisha na nyumba tunaokoa ukuta mzima." Halafu akanionyesha mlango wa kutoka garaji kuingia ukumbi wa jikoni, ili mvua isimnyeshee.

Tangu siku ile sina raha, na najua si yeye peke yake anayejenga hivi. Kwa hiyo nasema wazi: banda la chombo cha baharini, lenye karakana yake, lisimame peke yake uani. Lisiguse nyumba kwa ukuta, wala kwa paa, wala kwa mlango.

Sisi wa pwani tumeizoea petroli mno. Kijana anarudi baharini, anaifungua mashine ya boti yake, ya farasi 15, anaitia begani na kwenda nayo nyumbani, kwa sababu akiiacha ufukweni haikuti. Wangapi kati yetu tumekulia nyumba ambazo mashine ilikuwa inalala sebuleni juu ya gunia, na dumu la mafuta liko nyuma ya mlango? Mama anapika kwa mkaa hatua chache kutoka hapo, na watoto wametandikiwa mkeka sebuleni kwa sababu vyumba havitoshi. Harufu hatuisikii tena. Kwa yule asiye na pengine pa kuiweka naelewa, tena sana. Mashine ikiibiwa, nyumba nzima inalala njaa. Ila mtu mwenye kiwanja, saruji na fundi, anayepanga tangu mwanzo kuyaleta mafuta yale yale yalale ukuta mmoja na wanawe, huyo simwelewi.

Litazameni dumu la lita 20 lililoshinda juani. Limetuna, mbavu zimetoka nje. Ukilegeza kifuniko, linapumua. Ile pumzi haipandi juu ikapotelea darini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo unashuka sakafuni, unatambaa, unapita chini ya mlango na kutuama pale unapopata pembe isiyo na upepo. Hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri petroli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto, sembuse Tanga ya Februari. Na kiberiti si lazima. Friji inapojiwasha yenyewe usiku, swichi yake inaweza kurusha cheche ambayo huioni. Jiko la gesi ndilo hilo hapo. Shemeji akiacha tangi lake la lita 25 na kizibo hakijakaza, ule mlango wake wa kukwepa mvua ndio njia ya mvuke kuingia jikoni.

Na hiyo ni petroli peke yake, bado faiba. Boti ya faiba ikigonga mwamba haizibwi kwa gundi ya dukani. Unakata palipoharibika, unasaga kwa grainda, unalaza mkeka wa faiba, unapaka rezini, unarudia. Vumbi lake likiingia kwenye shuka za mtoto atajikuna usiku kucha. Rezini yenyewe ina harufu inayoumiza kichwa, na inakaa ndani ya nyumba siku kadhaa. Halafu kuna hadna na kobalti, dawa mbili za kugandishia rezini. Mafundi wanajua: kobalti inaingia kwanza kwenye rezini, inakorogwa mpaka ipotee kabisa, ndipo hadna inafuata. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe, chupa moja ikivuja juu ya nyingine kwenye rafu, zinaweza kulipuka. Vitu vya namna hiyo kuviweka nyuma ya kichwa cha kitanda cha mtoto kwa sababu ya ukuta mmoja!

Haya, tuhesabu huo ukuta. Mita tano kwa tatu, tofali za inchi sita, ni kama tofali 150 pamoja na zinazovunjika, na saruji yake. Nakubali, ni pesa. Lakini banda la chombo halihitaji kuta za nyumba. Simamisha nguzo za zege, jenga ukuta wa kiunoni, juu yake funga wavu mpaka kwenye kenchi. Pande zote nne ukizifanya hivyo, unaokoa tofali nyingi kuliko hizo za mchora ramani, na upepo unapita. Kwenye mstari wa chini kabisa, juu ya jamvi la zege, weka tofali za matundu, kwa sababu mvuke uko chini na lazima upate pa kutokea. Madirisha ya juu peke yake hayasaidii kitu.

Wanaosema banda la mbali linakaribisha wezi wana hoja, siwezi kuikataa. Ndiyo maana ndani ya banda kuna kizimba cha nondo kwa ajili ya mashine, na mnyororo uliofungwa kwenye chuma kilichozamishwa ndani ya zege wakati wa kumwaga. Taa iwake nje usiku, na swichi iwe nje pia. Mafuta yawe na kikabati chake nje ya banda, kivulini, chenye matundu.

Upande gani wa kiwanja? Hapa kwetu jibu liko kwenye upepo, na wazee walilijua bila ramani. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Ukiliweka banda magharibi mwa nyumba, pepo zote mbili zinachukua harufu na vumbi kuvipeleka bara, mbali na vitanda. Upepo wa umande unatoka bara usiku na alfajiri, ni kweli, lakini ni mwembamba, na saa hizo hakuna anayesaga faiba. Mchora ramani aliyekaa mjini kaiweka garaji kusini mashariki, mbele kabisa ya kusi, ili ionekane barabarani.

Kipimo kianze na chombo. Boti ya futi 23 ikiwa juu ya trela, na mashine imeinuliwa nyuma, inakula futi 28 au zaidi. Ongeza mahali pa mtu kupita mbele na nyuma, na pembeni meza ya ufundi yenye jiliwa la kubania, na nafasi ya kuzunguka na msumeno bila kugonga ubavu wa boti. Banda likipungua mita 11 kwa tano, karakana imekufa. Kitabaki kibanda cha kufichia boti, na kila kazi utaifanya nje juani. Mlango uwe wa mita tatu. Geti, njia na mlango wa banda vikae kwenye mstari mmoja, maana trela halikunji kona uani kama bajaji. Na tafadhali sana, karo la choo lisiwe njiani. Nimeona viwanja vingi karo liko mbele karibu na geti, limefunikwa zege jembamba. Boti, mashine na trela ni tani moja hivi. Siku linapopita juu yake ndiyo siku utajua nondo zilitiwa au hazikutiwa.

Kuna mzee mmoja, fundi wa vyombo vya mbao, ambaye nikiwa Sahare napenda kukaa naye anapotia kalafati. Anachukua uzi wa pamba uliolowekwa mafuta, anausukuma kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, anagonga, anasogea, anagonga. Ukisikiliza, mlio wa nyundo unabadilika mwanya unaposhiba: unaanza mzito, unamaliza mkavu. Akisikia huo mkavu hagongi tena. Hana banda. Anafanya kazi chini ya mti, na jua linapozunguka anahamisha vifaa, tezo, keekee, randa, sanduku zima, kufuata kivuli. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mashua ya mbao haitakiwi kuwekwa bandani miezi na miezi, kwa sababu mbao zikikauka mianya inafunguka, na siku ya kuishusha inakunywa maji. Kwa hiyo mwenye mashua ya mbao inayokwenda baharini kila siku, mimi simlazimishi banda la kulazia. Yeye anahitaji kivuli cha matengenezo. Boti ya faiba ndiyo inayotakiwa kulala chini ya paa, kwani jua linaila rangi mpaka inatoa ungaunga. Na turubai la kubana si paa. Maji na joto vinabaki chini yake, na mbao za sakafu zinaoza.

Wala msiniambie banda lijengwe ufukweni kwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na nyumba zilizopuuza tunaziona zinavyoliwa na mawimbi.

Paa: makuti nayapenda, yana ubaridi ambao bati halina, lakini juu ya petroli hapana. Bati la geji 28, wala usishuke kwenye 30, ambalo ni jembamba zaidi, chumvi italimaliza. Mchanga wa pwani usiguse zege lako. Chumvi inaingia kwenye nondo, nondo inavimba kwa kutu, zege linapasuka kutoka ndani. Jamvi liwe na mteremko kuelekea nje, upande usio wa nyumba. Bomba la maji baridi, yasiyo na chumvi, liwe mlangoni, kwa sababu mashine isiyosafishwa ndani kwa maji baridi kila ikitoka baharini haikai.

Shemeji nimemwambia yote haya, na kwa mara ya kwanza hakunibishia, alikaa kimya akiitazama ramani. Dada yangu ndiye aliyeuliza kwa nini chumba cha watoto kisihamishiwe upande wa pili, garaji ibaki. Kwa sababu, dada, mlango wa jikoni bado upo, na wewe ndiye unayewasha jiko saa kumi na moja alfajiri.

Kama mnajenga mwaka huu, chimbeni msingi wa banda mwezi Desemba, vuli ikipungua, zege likomae Januari na Februari. Boti ipandishwe bamvua la mwisho kabla ya masika, maji yakiwa yamejaa kabisa, ili trela lisizame kwenye mchanga.