Kilo sita za karafuu zikipimwa mwezini

Wapo walimu wa sayansi Pemba wasiopenda kufundisha uzito wa vitu mwezini na katika sayari nyingine. Hoja yao ina nguvu. Vipindi ni vichache, vifaa haba, na mtoto wa Wete ambaye hajawahi kushika mizani ya springi huishia kuzidisha namba za kwenye jedwali. Anapata uzito wake kwenye Mshtarii, sayari isiyo hata na ardhi ya kusimama, wala haelewi alichokipata.

Hata hivyo mimi niko na wanaolifundisha somo hili. Hapa duniani tungamo (wingi wa kitu, unaopimwa kwa kilo) na uzito (nguvu inayokivuta chini, inayopimwa kwa newtoni) huongozana: kila kilo inavutwa kwa karibu newtoni 10, iwe Micheweni au Makunduchi. Mtoto atavitofautishaje bila kuvifikiria mahali vinapoachana?

Chukua kilo 6 za karafuu kavu. Zitundike kwenye mizani ya springi mwezini, ambako uvutano ni kama sehemu moja ya sita ya wetu: mshale utasimama kwenye 1. Sasa zihamishie kwenye mizani ya mawe, karafuu huku, mawe ya kilo 6 kule. Mkono utalala sawa, kwa sababu mawe nayo yamepungukiwa uzito vile vile. Karafuu ni zile zile, halijapotea hata konyo moja. Swali la mizani ipi itabadilika mwezini, likiulizwa zote mbili zikiwa mezani, linafundisha kuliko jedwali zima la sayari nane.

Ndiyo maana inaniudhi kauli iliyozoeleka skuli, kwamba mtu wa kilo 48 akifika mwezini "anakuwa na kilo 8". Kilo zake hazikuguswa! Kilichoshuka ni uzito, kutoka newtoni 470 hivi hadi 78.

Zohali na wenzake wanaweza kungoja madarasa ya juu. Lisilofaa kungoja ni ile imani kwamba angani hakuna uvutano kabisa. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wake wa kurusha watu angani, kilichofungwa 1964 baada ya Mapinduzi. John Glenn, mwanaanga wa mradi huo, alipoizunguka Dunia mwaka 1962, hakuvuka kimo cha kilomita 270, na huko uvutano bado ni zaidi ya asilimia 90 ya huu wetu. Alikuwa akielea kwa sababu yeye na chombo chake walikuwa wakianguka pamoja. Mwalimu aliyebakiwa na kipindi kimoja tu akitumie hapo, kabla ya Mirihi.