Damu ya mfanyakazi inapoulizwa maswali

Anayevuta vumbi la metali iitwayo berili anaweza kumaliza miaka bila hata kikohozi. Ndiyo maana watafiti wa afya kazini hawasubiri tena mgonjwa aje na mapafu yaliyokwishaota makovu. Wanatafuta dalili ndani ya seli zake angali mzima. Kazi hiyo naiheshimu sana. Ninachogombana nacho ni matumizi ya majibu yakishatoka.

Berili ni metali nyepesi kuliko alumini na ngumu kupinda kuliko chuma cha pua, hivyo hupendwa kwenye ndege na vyombo vya angani. Kwa watu wengine, kinga ya mwili huishambulia kama adui. Kuwatambua, damu huchukuliwa, chembe nyeupe zikatengwa na kuwekwa kwenye vishimo vidogo vya sahani ya maabara pamoja na chumvi ya berili, kisha zikaachwa siku kadhaa. Zikianza kuzaana kwa wingi, basi mwili huo umeshakutana na berili na unaikumbuka. Mwenye damu anapanda ngazi bila kuhema, hana habari.

Mwaka 1993 watafiti wakasogea hatua nyingine. Kati ya wagonjwa wa mapafu ya berili waliowapima, asilimia 97 walikuwa na umbo fulani la HLA-DPB1, jeni inayoisaidia kinga kutambua vitu vigeni; umbo hilo huweka glutamati, moja ya vijenzi vya protini, kwenye nafasi ya 69 ya protini yake. Hapo ndipo hoja ya kuwapima watu kabla ya kuwaajiri ilipopata nguvu, na si hoja ya kupuuzwa. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuuondoa. Kama kuna njia ya kumwambia kijana mapema kwamba hatari yake ni kubwa kuliko ya wenzake, kumficha ni kumdhulumu.

Lakini utafiti uleule ulikuta umbo hilo kwa asilimia 30 ya wafanyakazi ambao hawakuugua. Wengi wenye umbo hilo hawataugua kamwe, na wachache wasio nalo wataugua. Ukilifanya kuwa mlango wa ajira, utawanyima kazi wazima wengi, na utakaowaingiza utawaaminisha kuwa vumbi haliwahusu. Bila vumbi hakuna anayeugua, awe na jeni gani.

Tulishaliona hili kwenye risasi, ile metali ya kwenye betri. Mwaka 1982 kampuni ya betri ya Johnson Controls nchini Marekani iliwazuia wanawake wote kufanya kazi penye risasi, isipokuwa waliothibitisha kwa daktari kwamba hawawezi kuzaa. Sababu ilikuwa kulinda mimba. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema huo ni ubaguzi, na kesi hiyo ilikuwa na ushahidi kwamba risasi inadhuru uzazi wa wanaume pia. Wanaume waliachwa palepale, kwenye hewa ileile.

Je, tuitupe biolojia ya molekuli, yaani vipimo hivi vya seli na jeni? Hapana, na berili yenyewe inatoa sababu. Kikomo cha mikrogramu 2 kwa mita ya ujazo ya hewa kiliwekwa mwaka 1949, na kikadumu vizazi. Kipimo cha damu ndicho kilichofichua kwamba hata kwenye viwanda vilivyotii kikomo hicho, wafanyakazi walikuwa wanadhurika. Mwaka 2017 Marekani ilikishusha hadi mikrogramu 0.2. Sahani ileile ya maabara, safari hii ikiulizwa kuhusu hewa badala ya mtu, ikashinda ubishi wa miaka mingi.

Kwa metali nyingine majibu hayajanyooka hivyo. Nikeli, kwa mfano, huweza kuchukua nafasi ya chuma ndani ya vimeng'enya na kuvuruga jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, ila mabadiliko ya namna hiyo huletwa pia na sigara na umri. Mchomeleaji mmoja, anayevuta moshi wenye nikeli, ukimpa karatasi ya majibu hayo utamtia hofu tu; ukipima mamia, utajifunza jambo kuhusu moshi wanaouvuta.

Kanuni hiyo ya Marekani ya 2017 inamtaka mwajiri aulinde kwa miezi sita mshahara wa mfanyakazi anayeondolewa kwenye berili baada ya damu yake kuonyesha dalili. Kinga ikishaijua berili haiisahau. Miezi sita ni michache mno kwa mtu aliyekubali kudungwa sindano ili hewa ya wenzake isafishwe.