Mwalimu wa ushauri ana kazi gani katika kamati ya nidhamu?

Katika shule nyingi za upili nchini Kenya, mwalimu anayeongoza idara ya ushauri nasaha ni mwanachama wa kamati ya nidhamu vilevile. Jumatatu anafunga mlango na kumwambia mwanafunzi amwage yaliyo moyoni. Alhamisi ameketi kando ya naibu wa mwalimu mkuu, faili ya mwanafunzi yuleyule iko mezani, na anaulizwa: "Mwalimu, huyu wewe unamjua. Tuambie."

Aseme nini?

Wakuu wa shule wana hoja, tena nzito. Anayelala nusu macho akihofia simu ya usiku ni mkuu wa shule, si mshauri. Shule ya Bombolulu, 1998, wasichana 26 waliokufa kwa moto bwenini. Kyanguli, 2001, wavulana 67. Moi Girls Nairobi, 2017, wasichana 10. Kwa mkuu yeyote anayeikumbuka orodha hiyo, mwalimu anayejua jambo akanyamaza hana tofauti na bawabu aliyeona moshi akageukia upande wa pili. Sheria nayo inamkaba mwalimu. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, unamtaka aripoti dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi ndani ya saa 24, na anayeficha anaadhibiwa. Mshauri wa shule si padri kwenye kitubio.

Hapo sina ubishi. Mtoto anayenajisiwa, anayetaka kujiua, anayejua petroli imefichwa wapi: hayo hayana siri, na mshauri anayeijua kazi yake humwambia mwanafunzi hivyo kabla hajafungua kinywa. Tatizo ni kwamba tunayatumia mambo hayo matatu kuhalalisha kuyafichua mengine yote, na mengine yote ndiyo kazi yenyewe ya kila siku. Mvulana aliyeruka ua kwa sababu ananyang'anywa chakula bwenini. Aliyeanza kuvuta bangi muhula baba alipohama nyumbani. Msichana ambaye hedhi imechelewa wiki tatu na bado hajamwambia mtu.

Mchukue huyo wa mwisho. Tangu 1994 Kenya ina sera inayomruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani, na mwongozo wake ulifanyiwa marekebisho mwaka 2020. Karatasi hiyo ni nzuri, lakini haimfai kitu msichana asipopata mtu mmoja wa kumwambia mapema, kabla sare haijambana na kabla ya siku ya wasichana wote kupimwa mimba kwa mstari baada ya likizo. Sasa jiweke katika viatu vyake: ofisi ya mshauri imepakana na ya naibu, na mshauri huyohuyo mwezi jana alitia sahihi barua ya kumsimamisha rafiki yake masomo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila hata uchi huvuliwa mbele ya mkunga, hauvuliwi barazani.

Tufanye hesabu kidogo, maana hii ndiyo inayoninyima usingizi. Mwalimu wa upili huhesabiwa vipindi 27 kwa wiki, na kuwa mshauri hakumwondolei madaftari ya kusahihisha. Tuseme ni mtu wa kujituma, anatenga saa moja kila jioni baada ya masomo na kuwaona wanafunzi wawili, nusu saa kila mmoja. Kwa wiki ni 10. Mwaka wa shule una wiki kama 36, kwa hiyo ni 360, na hapo tumejifanya hakuna mitihani, michezo wala mikutano ya wazazi. Shule ikiwa na wanafunzi 1,000, zamu ya kila mmoja inafika mara moja katika karibu miaka mitatu. Sekondari pevu ya mtaala mpya ni miaka mitatu. Yaani nusu saa moja tangu Gredi ya 10 hadi ya 12, na ndani ya nusu saa hiyo mtoto anatarajiwa pia kuulizia mikondo ya masomo: amekosea kuchagua sayansi, anaweza kuhamia sanaa na michezo, mzazi ataambiwaje? Marekani, ambako chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, wenyewe wanalalamika kwamba hawafikii kiwango hicho. Sisi hatujaanza hata kulalamika kwa tarakimu.

Nusu saa hiyo ni mali adimu. Mtoto asiyemwamini anayemsikiliza humaliza dakika 25 akisema kichwa kinamuuma. Akianza kusema la maana, kengele ya maakuli inalia. Ndiyo maana siri, kwangu mimi, si suala la maadili tu. Ni suala la muda. Kadiri mwalimu anavyojulikana kwamba hapeleki maneno kwa naibu, ndivyo mtoto anavyolifikia jambo lililomleta mapema zaidi.

Kuna watakaosema haya ni kubembeleza, na kwamba shule ziliharibika kiboko kilipopigwa marufuku mwaka 2001. Nawaomba warudi kwenye ile orodha. Bombolulu iliungua kiboko kikiwa halali. Hata Kyanguli, moto ule wa Machi 2001 uliwakuta wavulana waliolelewa kwa fimbo. Moi Girls ndiyo inayonifunza zaidi. Mwanafunzi aliyehukumiwa miaka mitano mwaka 2022 kwa kosa la kuua bila kukusudia alikuwa, kwa ushahidi uliosikizwa mahakamani, msichana aliyetaka kuhama shule. Kutaka kuhama si uhalifu. Ni jambo ambalo mtoto angelisema mara kumi kwa mtu anayemwamini. Siwezi kuapa kwamba mshauri angeuzuia moto ule. Ninachojua ni kwamba mkuu wa shule hupata habari za bwenini kupitia watu wanaoaminiwa huko bwenini, na akimgeuza mshauri kuwa mpelelezi, anajiziba masikio mwenyewe.

Wengine wanapendekeza kila shule iajiri mwanasaikolojia asiyefundisha. Ningefurahi. Lakini shule ambayo bado inamlipa mwalimu wa hisabati kwa karo ya wazazi kwa sababu TSC haijamleta, haitampata mwanasaikolojia mwakani. Tena mwalimu ana jambo ambalo mgeni hana: anamwona mtoto darasani na uwanjani, anajua ni lini aliacha kucheka.

Kwa hiyo mwacheni mwalimu awe mshauri, mpunguzieni vipindi mkiweza, na mtoeni katika kamati ya nidhamu, mkiweza msiweze. Naibu atauliza nani sasa ataieleza kamati historia ya mwanafunzi. Mwalimu wa darasa yupo, ana rejista, ana nambari ya simu ya mzazi, wala hakuna mtoto aliyewahi kumdhania kuwa mtunza siri. Badiliko hilo halihitaji bajeti ya wizara. Linahitaji barua moja ya mkuu wa shule, na tangazo fupi gwarideni ili wanafunzi nao wajue.